Miaka Thelathini na Tatu ya Mama Kipengele kwenye Dirisha la Rufaa

Tarehe 30 Juni, saa kumi kamili alasiri, Msajili wetu wa Rufaa za Zabuni atastaafu baada ya kuitumikia Sekretarieti hii kwa miaka thelathini na tatu, miezi minne na siku kumi na moja. Hesabu hiyo ni yake. Idara ya Utumishi ilikuwa imeandika siku tisa. Wao walianza kuhesabu tangu siku aliyopewa meza. Yeye alianza tangu siku aliyoripoti kazini, kwa kuwa siku mbili za mwanzo alipiga chapa akiwa amesimama, mashine ikiwa juu ya kabati la mafaili. Aliandika malalamiko ya kurasa mbili, akaambatisha barua ya ajira, akashinda. Hakuna aliyeshangaa isipokuwa Idara ya Utumishi.

Jina lake kamili limo kwenye mafaili, lakini humu ndani hakuna anayelitumia. Mkurugenzi, mlinzi wa getini na wajumbe wa nchi zote sita wanamwita Mama Kipengele. Jina hilo alipewa na fundi umeme aliyekuja kubadilisha taa, akaambiwa kuwa kazi yake iko chini ya kipengele cha nne cha mkataba na soketi ziko chini ya kipengele cha tano, kwa hiyo soketi asiziguse. Mwenyewe alilikataa jina kwa wiki mbili. Wiki ya tatu tukakuta ameliandika kwenye kibao cha mezani kwake, kwa herufi kubwa.

Mimi nimekaa mkabala naye miaka kumi na tisa, meza kwa meza, na ndiyo sababu nimebebeshwa kazi hii. Nimeonywa nisimsifu sana, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wasiwasi huo hauna msingi. Rasimu ya kwanza ya wasifu huu ameshaiona, na ameirudisha na masahihisho kumi na saba, kumi na mawili kati yake yakiwa ni alama ya mkato.

Kwa wageni wa hafla hii, hasa wajukuu waliokuja kwa ajili ya keki, ni vizuri kueleza kwanza kazi yenyewe. Serikali ikitaka kununua kitu, kiwe madawati, dawa au daraja, inatangaza zabuni ili wenye uwezo waombe. Anayeshindwa akiona ameonewa, ana haki ya kulalamika. Sekretarieti yetu iliundwa na nchi sita zinazopakana ili fundi wa nchi moja aweze kuomba kazi katika nchi ya pili, na akionewa huko asikilizwe kama mwenyeji. Kuomba kazi kulianza mapema. Kusikilizwa kulichukua muda mrefu zaidi, na muda huo mwingi ulipita mikononi mwa Mama Kipengele.

Alianza kama mpiga chapa. Akawa karani wa masjala, akaenda likizo ya masomo ya sheria, akarudi na cheti na miwani. Cheti alikitundika ukutani na miwani hajawahi kujua iko wapi. Alipopandishwa kuwa msajili msaidizi akapewa chumba kilichokuwa stoo ya mafagio, chenye dirisha dogo la kioo cha kusukuma linalotazama ukumbini. Nje ya dirisha kuna benchi, ndani kuna muhuri wa tarehe na saa. Mtu akileta rufaa anakaa kwenye benchi, anaitwa dirishani, anagongewa muhuri. Kwa miaka yote hiyo hakuna bahasha iliyogongewa muhuri bila mwenyewe kusalimiwa kwanza na kuulizwa hali ya safari.

Nyumbani mambo si tofauti. Mume wake, mwalimu wa hesabu, alituambia siku moja kwamba nyanya hazinunuliwi kwao bila bei tatu za kulinganisha. "Mimi nilidhani nimeoa mke," alisema, "kumbe nimeoa kamati ya tathmini." Mama Kipengele alikuwepo. Hakukanusha. Alisema tu kwamba nyanya zao ni nzuri.

Sasa niseme habari ya mashuka, kwa sababu bila hiyo yaliyofuata hayaeleweki.

Mwaka wangu wa kwanza hapa ilikuja rufaa ya fundi cherehani, mjane mwenye karakana ya wanawake kumi na wawili. Aliomba zabuni ya kushona mashuka ya hospitali katika nchi ya jirani. Akaenguliwa kwa maelezo kwamba hakuleta sampuli. Yeye alikuwa na risiti ya sampuli, na risiti ina muhuri wa hospitali hiyohiyo. Jopo la rufaa la Sekretarieti likakaa, likaona ana haki. Lakini taasisi ile ilikuwa imesaini mkataba na mshindi siku ileile ya kutangaza matokeo, na jopo lilipofikia uamuzi, mashuka ya watu wengine yalikuwa yameshatandikwa vitandani. Nikaagizwa niandike barua. Nikaandika: "Rufaa yako imekubaliwa. Hata hivyo, kwa kuwa mkataba umekwisha kusainiwa na bidhaa kupokewa, hakuna nafuu inayoweza kutolewa." Niliiona nzuri. Nilijivunia hasa ile "hata hivyo".

Mama Kipengele akaisoma akiwa amesimama.

"Hii umeandika wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Ungeletewa wewe barua hii, ungecheka au ungelia?"

"Kwa mujibu wa sheria, mama, hatuna..."

"Sijakuuliza sheria."

Akakataa isitiwe posta. Akachukua siku tatu za likizo yake, akanipa mimi mkoba wa kubeba, tukapanda basi kuvuka mpaka. Karakana tuliikuta kwenye chumba kirefu nyuma ya duka la vifaa vya shule. Cherehani kumi na mbili zilikuwa zimepangwa mistari miwili, saba zimefunikwa vitambaa. Wenye hizo saba walikuwa wameshaondoka kutafuta kazi kwingine, kwa kuwa fundi alikuwa ameikataa tenda ya sare za shule akiamini mashuka yatakuja. Akatukaribisha, akatufutia viti, akasoma barua mara mbili.

"Kwa hiyo nimeshinda," alisema.

"Umeshinda, dada yangu," akajibu Mama Kipengele.

"Nimeshinda nini?"

Katika miaka kumi na tisa hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona Mama Kipengele akikosa kipengele. Akasema, "Hakuna. Nimekuja kukuambia mwenyewe kwa sababu nimeona haya kukuandikia." Yule fundi hakulia. Alisema asante kwa kuja, akatuuliza kama tuna njaa. Hilo lilituumiza kuliko kama angetutukana.

 Tuliporudi mpakani, kwenye foleni ya kugonga pasi, Mama Kipengele akanigeukia. "Jopo halikukosea," alisema. "Tatizo ni kwamba mtu anaambiwa ameshindwa wakati kalamu ya mkataba imeshakauka wino. Lazima kuwe na siku katikati. Matokeo yakitoka, kalamu ikae chini kwanza. Anayelalamika akilalamika, iendelee kukaa chini mpaka asikilizwe." Akauliza kama nina karatasi. Nilikuwa na tikiti ya basi. Rasimu ya kwanza ya sera ya pamoja ya malalamiko ya zabuni iliandikwa nyuma ya tikiti ile, na mimi nikalazimika kumweleza mkaguzi wa ndani kwa nini tikiti yangu haionekani.

Kuandika ilikuwa kazi rahisi. Kazi ilikuwa kuzikubalisha nchi sita. Moja ilikuwa inampa mlalamikaji siku tatu, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Nyingine ilimpa siku thelathini za raha mustarehe, lakini mkataba ulisainiwa huku yeye bado anatafuta kalamu. Nyingine mbili ziliagiza malalamiko yapelekwe kwa ofisa yuleyule aliyetoa uamuzi unaolalamikiwa, na uamuzi wake ndio uwe wa mwisho: kesi ya ngedere, hakimu nyani. Mama Kipengele alitaka mambo matatu tu. Siku kumi na nne za kazi za kusubiri kabla ya kusaini. Jopo huru lisilo na mkono katika zabuni. Na malalamiko yakipokelewa, kusaini kusimame.

Mikutano ilikuwa kumi na mmoja, kwa miaka minne. Alasiri nzima ya mkutano wa tatu ilipotea katika kubishania kama tuandike "na" au "au". Aliyetupa shida zaidi alikuwa kiongozi wa msafara wa mojawapo ya nchi zile mbili za nyani na ngedere, bwana mpole, mcheshi, mwenye suti nzuri, ambaye kila hoja aliijibu kwa neno moja: "Tutaangalia." Tukamwita Bwana Tutaangalia. Alijua, na alifurahi. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu aliyefanya kosa ndiye anayelijua kosa lake vizuri, kwa hiyo ndiye wa kulirekebisha, na jopo huru ni gharama za bure.

Mkutano wa saba ulifanyika hapa kwetu, kwenye ukumbi wa ghorofa ya pili. Asubuhi ya kwanza chai ya saa nne ikaja baridi. Watu wakanywa kiungwana. Siku ya pili ikaja baridi tena, na maandazi yamekauka. Bwana Tutaangalia akamfuata Mama Kipengele kwenye meza ya sekretarieti.

"Mama, hii chai haifai."

"Pole sana, mheshimiwa. Unataka kulalamika?"

"Nalalamika sasa hivi."

Mama Kipengele akavuta droo, akatoa fomu. "Jaza hapa jina, hapa sababu. Kisha umpelekee mpishi."

"Mpishi gani?"

"Aliyepika chai. Kwa mujibu wa ibara ya kumi na mbili ya rasimu kama mlivyoirekebisha jana. Yeye ndiye anayelijua kosa lake vizuri."

Wajumbe wakacheka. Bwana Tutaangalia naye akacheka, na kwa kuwa ni mtu wa kukubali utani, akajaza fomu kweli na kuipeleka jikoni. Mpishi, mama mmoja wa hoteli ya jirani mwenye mikono ya mcheza ngumi, akaisoma, akaigeuza, akaandika nyuma: "Nimeangalia chai yangu. Nimeona iko sawa. Uamuzi huu ni wa mwisho." Karatasi ikarudi ukumbini ikapita mkono kwa mkono. Siku ya tatu chai ikaja baridi zaidi.

Siku ya nne, kabla ya saa nne, ibara ya kumi na mbili ilirekebishwa. Jopo huru likaingia. Bwana Tutaangalia mwenyewe ndiye aliyetoa hoja, akaomba iandikwe kwenye kumbukumbu kuwa ameshawishika kwa sababu za kisera. Chai ya siku hiyo iliunguza ulimi. Kama Mama Kipengele alikula njama na mpishi, hatujui mpaka leo. Mpishi akiulizwa anasema jiko lilikuwa bovu. Mama Kipengele akiulizwa anadai apelekewe swali kwa maandishi.

Sera ilipita. Nchi tano ziliiingiza katika sheria zao ndani ya miaka miwili. Ya sita ilichukua miaka saba, na haikuwa ya Bwana Tutaangalia. Leo mtu akishindwa zabuni katika nchi yoyote kati ya hizo, anaambiwa sababu, anapewa siku zake, na kalamu inakaa chini. Mama Kipengele akipongezwa kwa hilo anatikisa kichwa na kutaja mashuka. Fundi yule hakuomba tena zabuni ya serikali yoyote. Karakana yake ina wanawake wanne sasa, wanashona mapazia. Sera haikumfaa yeye, na Mama Kipengele hajawahi kutuacha tulisahau.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Zamu yetu nayo ikafika.

Miaka saba iliyopita Sekretarieti ilitangaza zabuni ya viti vya ofisi. Afisa Ununuzi wetu, ambaye leo amekaa meza ya mbele na ameniruhusu niyaseme haya, alikuwa mtu wa kujiamini, na viti vya zamani alishavipiga mnada kabla vipya havijanunuliwa. Wakati huohuo binti yake alikuwa amechumbiwa na kijana wa Mama Kipengele. Harusi ilikuwa Jumamosi inayofuata. Wawili hawa walikuwa wameanza kuitana "mkwe" kwenye korido kwa sauti ambayo jengo zima lilisikia.

Siku ya kumi na nne ya kusubiri ikawa Jumatatu. Saa kumi kamili muda wa kulalamika ungeisha na mkataba ungesainiwa. Afisa Ununuzi aliingia chumbani kwetu saa tisa na nusu na mkataba mkononi, akawa anasubiri huku akituhadithia habari za ukumbi wa harusi. Saa tisa na dakika hamsini na sita, seremala mmoja kutoka nchi ya jirani akatokea ukumbini. Viatu vina vumbi, bahasha ameibana kwapani. Basi lake lilikuwa limeharibika njiani na kipande cha mwisho alikuwa amekikimbia kwa miguu.

"Mkwe," Afisa Ununuzi alisema kwa sauti ya chini, "dakika nne tu hizi. Funga dirisha."

"Mkwe, saa yangu inasema tisa na hamsini na sita."

"Saa yako iko nyuma."

"Iko nyuma ya nini? Ya harusi?"

Akasukuma kioo, akamsalimia seremala, akamuuliza hali ya safari.  Akaipokea bahasha, akagonga muhuri. Kisha akaniwekea mimi muhuri mezani, akachukua karatasi akaandika kwamba ana uhusiano wa kifamilia na mmoja wa wahusika na hataligusa faili hilo tangu dakika hiyo. Akaisaini, akatoka nje. Tulipochungulia tulimkuta amekaa kwenye benchi la walalamikaji, karibu na seremala, mikono mapajani. 

Afisa Ununuzi aliondoka bila kuaga. Wiki ile ilikuwa ndefu. Mwana wa Mama Kipengele alimjia mama yake ofisini, akamwomba alegeze hata kidogo, kwa kuwa upande wa binti walikuwa wanazungumza kuahirisha harusi. "Mwanangu," alimwambia, "wakwe zako nitawaomba radhi. Muhuri siwezi kuurudisha." Kijana alitoka amenuna. Mama Kipengele akageukia dirisha, akasafisha miwani ambayo haikuwa na uchafu. Ilikuwa mara ya kwanza kuiona miwani ile kwa mwezi mzima.

Harusi ilifungwa. Baba wa bibi harusi alihudhuria, akala, akacheza na kila mtu isipokuwa mtu mmoja.

Huku nyuma sisi tulikaa miezi minne kwenye viti vya plastiki vya kukodi, vile vya rangi ya bluu vinavyong'ang'ania suruali wakati wa joto. Mkurugenzi alikalia kigoda cha kantini. Kila mgonjwa wa kiuno alijua wa kumlaumu, na ilifika mahali watu wakipita dirishani kwetu wanajishika mgongo kwa makusudi. Mama Kipengele alikuwa anawatakia afya njema.

Jopo liliona kuwa seremala alienguliwa kwa sababu ukurasa wa thelathini na nane wa maombi yake haukuwa na muhuri. Ukurasa huo ulikuwa mtupu. Haukuwa na kitu cha kugongea muhuri. Likaamuru maombi yote yatathminiwe upya. Na katika kutathmini upya, kamati ikaenda kukagua karakana ya yule mshindi wa kwanza, aliyebakiza dakika nne kupewa mkataba. Kwenye anwani yake walikuta kinyozi. Kinyozi hakuwa na habari za viti vyovyote, isipokuwa kile kimoja cha kuzunguka.

Seremala hakupata kazi. Alikuwa wa pili. Aliyeshinda ni mwingine kabisa. Lakini alipokuja kuchukua nakala ya uamuzi alipita dirishani.

"Mama, nimeshindwa."

"Nimesikia, kaka yangu. Pole."

"Lakini safari hii nimeonyeshwa alama zangu na zake. Na kiti chake nimekikalia." Akatafuta neno. "Jamaa anajua kazi. Miguu haiyumbi." Akacheka, akaaga, na miaka miwili baadaye akashinda zabuni ya milango ya chuo katika nchi ya tatu.

Ripoti ya kinyozi ilipomfikia Afisa Ununuzi, alifunga mlango wa ofisi yake kwa saa nzima. Kisha akaja. Hakuingia kwa mlango. Alikwenda kwenye dirisha kama mlalamikaji yeyote, akainama.

"Mkwe, naomba fomu."

"Ya nini?"

"Ya kuomba radhi. Saini ingekuwa yangu. Leo ningekuwa nawaeleza wakaguzi habari za kinyozi."

"Fomu hiyo hatuna," Mama Kipengele alisema. "Ingia ndani."

Aliingia, na kwa kuwa hapakuwa na kiti cha maana, walizungumza wamesimama. Leo wana mjukuu mmoja wa kike kwa pamoja, na kitu pekee wanachogombania ni nani amtembeze Jumapili. Viti vipya, kwa taarifa ya wote, ni imara. Cha Mama Kipengele tu ndicho kinacholia. Amekataa kisiguswe na fundi wa mtaani kwa kuwa dhamana ya mkataba inataka taarifa ya maandishi, na taarifa aliyoiandika mkwe wake imekosewa tarehe.

Nisije nikaambiwa nimemchora malaika. Amewahi kukosea, na jambo hili yeye mwenyewe ndiye aliyetaka niliandike. Miaka miwili iliyopita aliikataa rufaa ya ushirika wa wanawake wa usafi kwa kuwa imechelewa siku moja. Msajili msaidizi, binti aliyekuwa na miezi sita tu kazini, akaja mezani na kalenda. Katikati ya zile siku kulikuwa na sikukuu, na sikukuu si siku ya kazi.  Hakuna aliyewahi kumwambia Mama Kipengele kwamba amehesabu vibaya.

"Una uhakika?" aliuliza.

"Nimehesabu mara tatu, mama."

"Haya. Ya nne tuhesabu pamoja."

Wakahesabu kwa kidole, siku hadi siku. Walipofika mwisho Mama Kipengele alikaa akiitazama ile kalenda. Kisha akaandika barua kwa ushirika, ikianza na neno "Nilikosea", akawaomba radhi na kuwarudishia rufaa yao. Nakala akaibandika kwenye ubao wa matangazo, mahali ambapo kila mtu anapita akienda kunywa maji. Watu walisimama kuisoma, yeye anawaona. Hakuibandua. Ushirika ule ulisikilizwa, ukashinda, na ndio unaosafisha jengo hili. Sakafu mnayoikanyaga leo ni kazi yao.

Binti mwenye kalenda ndiye anayekalia kiti cha usajili kuanzia tarehe 1 Julai. Nafasi ilitangazwa, walioomba walikuwa kumi na tisa, na Mama Kipengele hakuwa kwenye jopo la usaili. Alijiondoa. Siku ya usaili alikuwa akipitapita koridoni kwa visingizio, mara maji, mara picha, mpaka mlinzi akamuuliza kama amepoteza kitu. Matokeo yalipobandikwa alitusubirisha siku zote za kulalamika kabla ya kumpongeza binti wa watu. Kisha akamkumbatia mpaka miwani ikaanguka. Akamwambia, "Siku nikirudi hapa kuomba upendeleo wowote, nipe fomu na unikalishe foleni." Binti akasema, "Sawa, mama." Hakucheka, na tukajua usajili uko salama.

Leo asubuhi, zikiwa zimebaki siku tatu astaafu, nilikuwa napanga aya hizi wakati mama mmoja alipofika dirishani. Ana kampuni ya watu wawili, yeye na mdogo wake, wanachimba visima. Alisema hakuja kulalamika, alikuja tu kuuliza kama mtu mdogo kama yeye anaruhusiwa kulalamikia wizara ya nchi isiyo yake. Alisema kwa kunong'ona, kana kwamba swali lenyewe ni kosa. Mama Kipengele aliacha sanduku alilokuwa akipakia, akatoka nje, akamfungulia mlango. "Unaruhusiwa," alimwambia. "Ingia, mama, tuanze mwanzo." Walikaa mpaka mchana. Nilimsikia akimweleza haki zake moja baada ya nyingine, polepole, kama mtu asiye na safari.

Mama Kipengele, umetuchosha, umetucheleweshea viti, umetujaza mikato. Umetufundisha kazi. Tunakushukuru wewe, na tunamshukuru mwalimu wa hesabu kwa kutuazima mke muda wote huu. Uende ukapate afya, usingizi wa kutosha na wajukuu wa kukusumbua. Maisha yako ya mbele yawe mepesi, na kila utakapobisha hodi, ufunguliwe upesi na mtu anayekuuliza kwanza hali ya safari.